Shusha Gari Kwanza, Ndipo Ukaze

Gereji za Land Rover za zamani huku Uingereza zina tabia moja inayonifurahisha kuliko mashine zao zote. Springi za mbele, zile za majani ya chuma, zikishafungwa, boliti za bushi (kipande cha mpira na chuma kwenye ncha ya springi) hazikazwi mpaka gari lishushwe na matairi yabebe uzito. Kwetu Mbeya tunamaliza kila kitu gari likiwa juu ya jeki, tunashusha, tunalipana.

Najua jibu: "Umepanda ndege juzi, leo unatufundisha Land Rover?" Hapana, kaka. Fundi wa Mwanjelwa, pale pale Mbeya, namheshimu. Na chasisi zetu za Series III, magari ya 1971 hadi 1985, zimebahatika kukwepa chumvi inayomwagwa barabarani huku wakati wa barafu, ambayo inazitafuna hadi zinatoboka. Ndiyo maana inauma gari lililoponea kutu likiharibiwa na nati iliyokazwa mapema.

Bushi ile ina bomba la chuma nje, bomba dogo ndani, na mpira ulioshikana na yote mawili. Haizunguki kama beringi. Mpira wenyewe ndio unaojinyonga. Ukikaza springi ikining'inia, bomba la ndani linabanwa katika mkao huo. Gari likishuka, mpira umeshanyongwa kabla hujatoka getini. Baada ya muda unachanika, boliti inakula chuma, usukani unatangatanga, nasi tunapiga kelele kwamba bushi ni feki.

Weka stendi chini ya chasisi, ekseli ibebwe kwa jeki yake. Kichwa cha senta boliti, ile inayoshika majani ya springi pamoja katikati, kiingie sawasawa kwenye tundu lake la ekseli. Kikikaa pembeni, ekseli inakwenda upande. Yuboliti, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zikaze kwa kupokezana, nati za bushi uzishike kwa mkono tu. Fungisha matairi, shusha, litikise gari mara tano sita, lisukume mbele na nyuma. Sasa kaza bushi. Yuboliti zirudie baada ya safari ya kwanza, maana hulegea.

Halafu springi ya upande wa dereva si pacha wa ile ya abiria. Imepindwa zaidi ili ibebe uzito wa upande ule. Ukizichanganya, gari linainama, na hapo ndipo mtu anachomeka jani la Fuso "kusawazisha". Jani lile halilingani na mengine: gari linakuwa gumu kama mkokoteni, na kishindo chote kinahamia kwenye chasisi. Vikono virefu vya kuning'inizia springi, vinavyowekwa kuinua pua ya gari, navyo vinageuza pembe ya ekseli, na kruzi (viungo) za propela shafti, ile inayopeleka nguvu kwenye ekseli, zinakufa.

"Barabara zetu unazijua, lakini!" Nazijua, ya Makete na ya Chunya. Shimo linasukuma springi juu, kisha linaiachia chini. Bushi iliyokazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake ina nafasi ya kujinyonga pande zote mbili. Iliyokazwa hewani imeshamaliza nafasi ya upande mmoja, na kuishusha jeki kabla ya kukaza hakuongezi hata shilingi kwenye bei ya kazi.