Fagio la chelewa kwa waliochelewa

Jumatatu nimeona kitu kwenye geti la shule ya binti yangu nikashindwa kukimeza, na mnaonijua mnajua nikishindwa kumeza huwa naandika, kwa hiyo mnivumilie.

Ukuta wa shule una maandishi makubwa ya kijani, TUNZA MAZINGIRA YAKUTUNZE, pembeni kachorwa mti ambao fundi rangi sijui alikuwa na haraka gani maana majani yake ni ya mchicha kabisa. Sasa chini ya hayo maandishi, vumbini, watoto kama thelathini wamepiga magoti. Wachelewaji. Mwalimu wa zamu anagawa kazi, wewe fagio, wewe kiroba, wewe na mwenzio mkaokote makaratasi nyuma ya vyoo, nyie wakubwa chukueni mafyekeo. Watoto wa watu wakatawanyika na mafagio yao ya chelewa, sura zimenuna utadhani wanapelekwa msibani, na mmoja akipita karibu yangu nikamsikia anamwambia mwenzie, "Mi kesho nikiona nimechelewa narudi home, nasema naumwa tumbo."

Kiswahili nacho kina vituko. Chelewa ndo kosa, chelewa ndo ufagio.

Ningeyaacha yapite, maana hata sisi tulifagia na tulifyeka. Tatizo likaja jioni. Binti yupo darasa la tatu, kaja na daftari lake tuangalie kazi aliyofanya darasani, swali linasema taja njia nne za kutunza mazingira. Kaandika kwa mwandiko wake ule wa kubana: kufagia, kuokota takataka, kumwagilia miti, kufyeka majani. Pata, pata, pata, pata. Nne kwa nne, hongera mama. Mi katika kumchokoza nikamuuliza, haya katika hizo nne we unapenda ipi? Akaniangalia kama vile baba yake kachanganyikiwa. "Baba, hizo si adhabu?"

Hapo sikuwa na jibu, nikajifanya natafuta rimoti.

Yaani huyu mtoto kafaulu somo mara mbili. La kwenye daftari kapata nne kwa nne, na la getini ambalo halina daftari kalielewa vizuri kuliko yote. Shule inamfundisha kwamba mazingira ni kitu unachofanyiwa ukikosea. Hebu chukulia ingekuwa vitabu. Umechelewa, kakae pale juani usome hadithi kurasa kumi. Umepiga kelele, soma kurasa ishirini. Baada ya miaka saba ya hivyo, nani hapa angemaliza darasa la saba anapenda kusoma? Tungeitisha kikao, tungesema mwalimu kachanganyikiwa. Lakini mti, bustani, ufagio, jembe, hivyo tunavitumia kama bakora miaka nenda rudi halafu Juni 5 ikifika tunawapanga watoto hao hao mstari waimbe ngonjera ya mazingira mbele ya mgeni rasmi.

Na angalieni upande wa pili, nani hafagii. Anayewahi namba asubuhi, kiranja, mtoto wa mwalimu. Mtoto mzuri hashiki taka, taka ni za waliokosa. Yule jamaa mwenye gari la kiyoyozi anayeshusha kioo kidoogo, saizi ya chupa ya maji tu, anaiachia barabarani kisha anakipandisha haraka baridi isitoke, mi nina uhakika asilimia mia yule alikuwa anawahi namba kila siku. Kwake kuokota ni kazi ya wachelewaji, na wachelewaji siku hizi wamevaa yale makoti ya kung'aa wanafagia barabara alfajiri, mama zetu wale.

Nikiri kitu. Mi mwenyewe ni zao la huo mfumo. Nimesoma Muheza, na nikiwa darasa la tano niliadhibiwa kung'oa kisiki. Waliosoma shule za kijiji wanajua kisiki ni nini, hiyo haikuwa adhabu ya kipindi kimoja. Changu kilikuwa cha mwarobaini, na mwarobaini ukiukata unachipua tena, una mizizi ya kiburi. Siku tatu nachimba, mikono malengelenge. Kosa langu? Sikuja na mzigo wa kuni Ijumaa. Soma tena taratibu. Niliadhibiwa kwa kutokata mti, na adhabu ikawa kung'oa mti. Sasa mtu wa namna hiyo akija kukwambia hapendi kupanda miti unamshangaa nini? Nimefika miaka thelathini na kitu sijawahi kupanda hata mchongoma kwa hiari yangu, nikiona mche tu viganja vinawasha.

Najua walimu mnaosoma hapa mshaanza kukunja sura. Haya, twende. Darasa lina watoto mia na kitu, shule haina mhudumu wa usafi, hela za kumlipa hazipo, nani afagie? Kweli. Na bora fagio kuliko viboko, hilo nalo nakubali, ingawa kunisifia adhabu kwa kuwa si kiboko ni sawa na kuniambia nishukuru nimeibiwa viatu na sio simu. Mtasema pia Japani watoto wanafagia madarasa yao wenyewe. Ndiyo, wanafagia, lakini wanafagia wote, kwa zamu, na mwalimu naye anashika kitambaa. Zamu sina ugomvi nayo hata kidogo. Eneo la darasa letu, leo kundi letu kesho lenu, hiyo ni malezi. Ninachokataa ni pale ambapo zamu haitoshi ndo tunasubiri wenye dhambi watukamilishie usafi.

Halafu hao wenye dhambi wenyewe. Mtoto wa miaka tisa kasimama kituoni toka saa kumi na mbili kasoro, daladala tano zinampita kwa sababu konda akiona sare anaona nauli ya mwanafunzi, shilingi mia mbili, ya sita ndo anajipenyeza chini ya kwapa la mtu mzima, anafika getini kachelewa dakika kumi. Karibu, chukua ufagio. Konda yeye hafagii popote.

Mwingine ataniletea habari ya marufuku ya mifuko ya plastiki. Atasema adhabu inafanya kazi, angalia Juni 1, 2019, rambo zilipotea sokoni kwa kuogopa faini. Zilipotea kweli, sibishi, ile serikali iliweza. Ila tokeni mkasimame nje ya geti la shule yoyote saa nne mapumziko. Barafu za ubuyu kwenye nailoni, karanga kwenye nailoni, ubuyu wenyewe kwenye nailoni, mtoto anang'ata kona, ananyonya, anadondosha pale pale alipo bila hata kuangalia inadondokea wapi. Tuliogopa faini ya rambo, uchafu wenyewe hatujawahi kuuogopa.

Sasa niseme nilichokiona kinafanya kazi, maana kulalamika tu hata mi naweza kulalamika mpaka kesho. Mke wa rafiki yangu anafundisha darasa la pili huko Korogwe, watoto themanini na saba kwenye chumba kimoja. Mwaka juzi Januari kapanda mipapai mitatu nyuma ya darasa. Nikamuuliza kwa nini mipapai, maana shule zote nizijuazo zinapanda miashoki, ile miti iliyonyooka kama askari wa gwaride, haina kivuli, haina tunda, kazi yake ni kupendezesha picha za mahafali. Akanijibu mtoto wa miaka saba hawezi kusubiri mwembe. Mpapai ukiutunza unakupa matunda ndani ya mwaka mmoja hivi, kwa hiyo aliyeupanda Januari anaona mapapai yananing'inia kabla hajapanda darasa. Mtoto anaona alichofanya na alichopata kwa macho yake, akiwa bado kwenye dawati lile lile.

Keni ya kumwagilia hakuwa nayo. Kachukua dumu la mafuta la lita tano, kakitoboa kifuniko kwa msumari wa moto, basi. Na hapa ndo penyewe: lile dumu hapewi mkosaji. Dumu ni zawadi. Aliyesoma aya yake vizuri, aliyemsaidia mwenzie kuhesabu, aliyekuja na maganda ya ndizi ya kutia kwenye shimo la mbolea, huyo ndo anamwagilia leo. Aliyechelewa anakaa barazani anawaangalia wenzie wanamwagilia. Eti wanalia! Mtoto analia kwa kunyimwa kazi ambayo shule jirani wenzie wanalia kwa kupewa. Anasema wachelewaji sugu watatu wakaanza kufika kabla ya kengele, wengine walibaki vile vile, hakunidanganya kwamba wote wamekuwa malaika.

Kidogo tu nitoke nje ya mada, mmoja katika ile mipapai ukatoka dume. Maua yananing'inia mengi, tunda hakuna. Watoto wakaja juu, mwalimu huu mti mvivu tuukate! Ikabidi awaelezee habari ya mpapai dume na mpapai jike na nyuki, somo ambalo halikuwa kwenye andalio lake lile juma, na anasema hajawahi kusikilizwa vile tangu aanze kazi. Wakapiga kura mti ubaki. Wameupa jina la mwalimu mmoja wa kiume wa pale ambalo sitalisema.

Vitu vingine vidogo vidogo vipo vya bure kabisa. Takwimu kwa picha zipo kwenye hisabati tayari, badala ya kuhesabu machungwa ya kwenye kitabu si watoke wahesabu nailoni za barafu uwanjani, Jumatatu ngapi Ijumaa ngapi, wachore. Chupa ya maji ikatwe shingo, hiyo shingo igeuzwe juu chini kama faneli, rula pembeni, mmeshapata kipima mvua.

Na kwa sisi wa Dar, jamani, fuateni mfereji. Shule ngapi za Tabata, Vingunguti, Kigogo zina mfereji nyuma ya ukuta? Nusu saa tu, mwalimu na watoto, wafuate maji yanakokwenda. Yanaenda mto Msimbazi, Msimbazi unatoka huko milima ya Pugu unapita unakusanya vyetu vyote mpaka Jangwani kisha daraja la Salenda na baharini. Kila mtoto wa mji huu anajua maana ya "Jangwani pamefungwa". Anajua mto umefurika, mabasi ya mwendokasi yamesitishwa, baba kachelewa kurudi, yeye kachelewa shule (akakutana na ufagio wake getini, naam). Ambacho hakuna aliyemwambia ni kwamba ile nailoni aliyoing'ata kona saa nne nayo ilisafiri kwenda kuziba huko. Unganisha hizo nukta mbili kwa mguu, sio ubaoni.

Wangari Maathai, yule mama wa Kenya aliyehamasisha watu kupanda miti, siku anapokea Nobeli ya Amani kule Oslo, Desemba 2004, mbele ya wafalme na mabwana wakubwa, aliishia kusimulia kijito. Kijito cha karibu na kwao alikokuwa anamchotea mama yake maji akiwa mdogo, anachezea kwenye majani ya magimbi, anajaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga, kila akigusa yanakatika. Mama wa mamilioni ya miti yule, na alichobeba moyoni miaka yote ile ni mayai ya vyura. Alitumwa maji na mama yake, ndiyo, watoto wote wa huku tumetumwa maji. Lakini hakupelekwa kijitoni kwa kosa. Angepelekwa kwa kosa angeyaona yale mayai? Mi nilikaa siku tatu na mzizi wa mwarobaini uso kwa uso, sikumbuki hata mdudu mmoja. Nakumbuka malengelenge.

Juzi nimeyaandika haya kwa kifupi kwenye grupu la wazazi la WhatsApp. Kimya. Tiki za bluu arobaini. Baada ya saa nzima ikaingia meseji: ndugu wazazi, tunachangishana elfu tano tano kupaka upya rangi lile bango la mazingira ukutani maana limefifia. Nimetuma. Nimeandika na chini yake kwamba ya kwangu isinunue rangi, inunue miche ya mipapai na madumu mawili, na msumari nitakuja nao mwenyewe. Admini kajibu kwa kidole gumba, sijui ndo kakubali au ndo kanifunga mdomo.