Nilitaka jina langu lirudi, likarudi na mama mkwe

Kuna watu wasap wana tabia moja, wanafuta jina la mwandishi pale chini halafu wanaweka "kama nilivyoipokea", yaani kama vile maandishi yameokotwa yanaelea baharini pale Shangani. Mimi nina kisteshenari changu hapa Mtwara, natoa fotokopi, nachapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, risala, na mteja akikosekana naandika vichekesho. Hela hakuna humo, ila watu wakicheka na mimi roho inasuuzika. Na chini siku zote naweka jina.

Msimu wa korosho ndo nkaandika kimoja nkakiita Mkwe wa Mnada. Wa huku kusini mnajua, ila kwa ndugu zetu wa mikoa mingine ni hivi, korosho unapeleka chama cha msingi, zinaenda ghala kuu, unabaki na karatasi yako mkononi, mnada unaanza kama Oktoba hivi, halafu unakaa kusubiri hela iingie benki. Ile siku inaingia, simu zinaanza kuita kutoka kwa ndugu ambao tangu masika hawajakujulia hali. Basi nkaandika:

"Mkwe wa mnada haulizi korosho zimeuzwa bei gani, anauliza benki wamelipa lini. Anakuja na kimfuko cha korosho za kubangua, anaondoka na doti mbili za kanga. Akikwambia 'mwanangu mimi sikai, napita tu', tandika kitanda. Akisema 'mimi sili sana', chinja kuku."

Na mistari mingine miwili mitatu, basi. Nilimfikiria mama mkwe wangu wa Newala, sikatai, ila kwa mapenzi kabisa, yule mama tunapendana.

Ikachekwa grupu la mtaani, ikahama. Siku moja kaja kaka mmoja dukani ana karatasi anataka nakala kumi akabandike ofisini kwao, natazama, kichekesho changu! Jina limekatwa, chini pameandikwa "Mzee wa Busara". Nkamwambia kaka hii nimeandika mimi. Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kichwani, akasema acha utani bwana, hii imetoka Dar. Nkamtolea nakala zake kumi, tena akaomba punguzo, nkampa. Maandishi yangu mwenyewe nayatolea punguzo.

Kuanzia hapo likawa sio langu tena. Ikaja ya Kilimanjaro, korosho zimekuwa kahawa. Ikaja ya Tabora, mkwe anasubiri malipo ya tumbaku. Na kila inakopita inaongezwa. Mimi nilisema chinja kuku, kuku mmoja, ikarudi "anamaliza kuku wawili na mchuzi anaondoka nao kwenye chupa ya chai". Mimi hiyo chupa ya chai naijulia wapi? Hata mama mkwe mwenyewe akamtumia mke wangu, kaambatanisha na voisi anacheka mpaka anakohoa, "mwanangu hebu mpe mumeo asome, jamani kuna watu wana wakwe!" Ile yake ilikuwa ndefu kweli, mpaka na mstari kwamba mkwe akilala anakoroma, mabati yanahamia kwa jirani. Mke wangu akanitazama. Nkasema nzuri sana, nani kaandika?

Kilichonimaliza ni grupu moja la wapenda vichekesho, nkaweka ile ya asili na jina langu chini, haijapita dakika mtu kaandika "admini toa huyu, anakopi kazi za watu". Nkatolewa, hata sijajitetea!

Ndo nkaenda Mikindani kwa mwalimu wangu mstaafu wa Kiswahili. Huyu mzee akikutumia methali wasap anaandika chini "methali, mtunzi hajulikani", ndo mjue ni mtu wa aina gani. Nkamweleza. Akavua miwani. Akasema, "Livingstone alipita hapa Mikindani mwaka 1866, kapita tu, akaenda zake bara, mpaka leo kuna nyumba inaitwa kwa jina lake. Wewe umezaliwa hapa, unaishi hapa, umeandika, halafu jina lako wamelitupa? Haiwezekani." Akaanza kunisomea sheria, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwamba mtunzi ana haki ya kutajwa kwenye kazi yake, na ana haki ya kukataa isiharibiwe wala kupotoshwa, na ukitaka kunukuu kazi ya mtu nukuu kwa kiasi chake useme umetoa wapi na katunga nani. Na kwamba kazi inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Mimi natingisha kichwa tu, raha tupu, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Kosa la mwalimu, na hapa namlaumu kabisa mzee wangu shikamoo yake, alishika ile haki ya kwanza ya pili akaisahau. Alichukua ile ndefu kuliko zote, yenye kuku wawili, chupa ya chai, mabati na mengine ambayo hata siwezi kuyaandika hapa, akaweka juu kwa herufi kubwa KWA HAKI YA MTUNZI, chini yake majina yangu matatu yote, mkazi wa Mtwara, mwenye steshenari, "mkwe wa watu wa Newala". Halafu kwa vile alifundisha Newala miaka mingi akaituma kwenye grupu la watu wa Newala. Mama mkwe yumo humo, huwa haandiki neno, anaweka vikono vya dua tu.

Siku hiyo hakuweka vikono.

Simu ilipigwa kwa mke wangu, sio kwangu, na ilikuwa fupi. Mama anashuka na basi la Jumamosi yeye na baba mdogo. Nkajaribu kujipoza nkamwambia mke wangu usihofu, sheria inanilinda maisha yangu yote na miaka 50 baada ya kufa. Akasema basi hiyo 50 itaanza kuhesabiwa Jumamosi.

Wakafika. Kimfuko cha korosho za kubangua hakuja nacho, nkajua mambo mabaya. Tukakaa barazani kwenye mkeka, baba mdogo kashika simu ya shemeji yangu, kaiweka mbali na macho, anasoma mstari mmoja mmoja kwa sauti ya kusoma wosia.

"Anauliza benki wamelipa lini. Yako hii?"

"Yangu baba."

"Anaondoka na doti mbili za kanga."

"Yangu. Ila baba, nilikusudia kwa ujumla tu."

"Anamaliza kuku wawili na mchuzi..."

"Hapana! Hiyo sio yangu! Mimi nimesema chinja kuku, baba, sikutaja wawili!" Nkatoa simu yangu, nkawaonyesha meseji ya asili na tarehe yake, nkaanza kumwaga sheria ya 1999, haki ya kutopotoshewa kazi, shemeji anainama anaficha kicheko. Baba mdogo akalinganisha simu mbili, taratibu, akasema ni kweli, kuku ameongezeka njiani.

"Akilala anakoroma, mabati yanahamia kwa jirani. Na hii?"

"Haki ya Mungu sio yangu. Nani kaongeza hata sijui."

Kimya. Mama mkwe akarekebisha kanga begani, akatazama uani.

"Hiyo ya mabati ni yangu," akasema.

Baba mdogo akashusha simu. "Yako shemeji?"

"Nliiongeza kabla sijaituma kwenye kikoba. Si nlijua inamsema mkwe wa mwingine? Kuna mwenzetu mmoja kule anakoroma, tulilala naye msibani hatukupata usingizi." Halafu akanigeukia, sura imekaza vilevile. "Na watu waliicheka hiyo ya mabati kuliko hizo zako zote. Sasa mbona mwalimu kakuandika wewe peke yako?"

Kuku alichinjwa, mmoja. Jioni mama akataka mwalimu apigiwe simu mbele yake, na mwalimu ni mtu wa haki, kesho yake asubuhi akatuma marekebisho kwenye lile grupu la Newala: mstari wa mabati umetungwa na mama mkwe wa mtunzi, jina kamili, na kijiji.

Sasa yule mama wa kikoba naye yumo kwenye lile grupu. Mama mkwe wangu alisema hakai, anapita tu, ila mpaka leo yuko kwangu na amesema harudi Newala kwanza mpaka hali itulie.