Ridley Scott: fundi hodari, kitambaa cha mteja

Siku Maximus, steringi wa Gladiator, alipokufa, kibanda umiza cha mtaani kwetu kilikaribia kuvunjwa. Tumebanana kwenye mabenchi, jasho linatutiririka, na kila aliyelipa kiingilio anajua sheria moja ya picha: steringi hafi. Jamaa mmoja wa benchi la mbele akasimama, akadai mwisho umekatwa, kanda irudishwe nyuma. Ikarudishwa. Maximus akafa tena.

Wakati ule jina la Ridley Scott, mwongozaji wa picha ile, sikuwa nalijua. Nilichotoka nacho ni ule mkono mwanzo kabisa wa Gladiator, unapapasa masuke ya ngano, kabla hatujaambiwa ni wa nani. Miaka baadaye nilianza kumtafuta aliyeuona mkono ule, nikawa nakusanya picha zake moja moja. Nikakuta mtu wa ajabu: wiki hii unaangalia kazi yake unasema hakuna kama yeye duniani, wiki ijayo unajiuliza kama ni yuleyule au wamefanana majina.

Scott alizaliwa South Shields, Uingereza, mwaka 1937. Alisoma sanaa, akachora, akapiga matangazo ya televisheni kwa miaka mingi, na filamu yake ya kwanza, The Duellists, ilitoka 1977 akiwa na miaka 39. Alien ikafuata 1979, Blade Runner 1982. Wengi wangetoa hizo mbili wakastaafu. Kwenye Alien, ndani ya lile vazi la dude alikuwamo kijana wa Kinijeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi aliyeonekana kwenye baa moja London, mwembamba na mrefu kupita mita mbili. Hakuwa mwigizaji, na hakucheza filamu nyingine. Scott alihitaji umbo ambalo jicho la mtazamaji lisilitambue haraka kuwa ni la binadamu, na alipoliona alijua. Hicho ndicho kipaji chake: kuona.

Kuandika si kazi yake. Ni kama fundi cherehani. Mpelekee kitambaa cha maana, utatoka na nguo ya harusi. Mpelekee kibovu, atakushonea kwa ustadi uleule, mshono umenyooka, vifungo vinang'aa, na nguo itakuachia siku ya kwanza ukiinama. Thelma & Louise ya 1991 ililetwa na Callie Khouri, na Khouri akapata Oscar ya uandishi. The Martian ya 2015 ilitoka kwenye riwaya iliyokwisha kupendwa. Sasa chukua Robin Hood ya 2010, au Exodus ya 2014: farasi, majeshi, bahari, vumbi la dhahabu, na katikati yake hakuna mtu wa kumhurumia. Exodus ina dhambi nyingine pia, ya kuwajaza Wazungu kwenye viti vya Mafarao na bado kushangaa watu wakilalamika.

Hata hivyo si kila kosa ni la skripti. Kingdom of Heaven iliingia kwenye majumba ya sinema 2005 ikiwa na saa 2 na dakika 24, na mle Sibylla, dada wa mfalme wa Jerusalem mwenye ukoma, ni mrembo anayezurura kwenye korido huku hujui kinachomliza. Mwaka uliofuata ikatoka kwenye DVD ile ndefu, ya zaidi ya saa 3. Mle Sibylla ana mtoto wa kiume. Mtoto anatawazwa baada ya mjomba wake kufa. Siku moja anapigishwa mhuri, nta ya moto inamdondokea mkononi, na hashtuki. Mama yake anautazama ule mkono. Haambiwi kitu na mtu, ameshaelewa. Kisa chote cha mtoto huyo kilitupwa ili picha iwe fupi! Aliyeona ile ya kwanza tu hajaiona filamu, na mimi mwenyewe niliitukana miaka mingi bila haki.

Black Hawk Down siwezi kuisema kwa utulivu. Ilitoka 2001, inahusu mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 1993, na kama kazi ya kamera na uhariri ni darasa tosha. Oscar ya uhariri iliistahili. Lakini ilipigwa Morocco, nafasi kubwa za Wasomali zikapewa watu wasio Wasomali, na waliobaki ni umati unaokimbia, unapigwa risasi, unakimbia tena. Wanajeshi 18 wa Marekani waliokufa unawajua sura. Wasomali waliokufa kwa mamia hujui hata mmoja alikuwa akienda wapi asubuhi ile. Kwetu sisi tunaonunua sukari dukani kwa Msomali na kupanda basi lake, ile si picha ya kuangalia na bisi mkononi. Jicho lilelile lililomtambua Badejo, hapa halikuona mtu.

Nikiri pia kwamba Gladiator inanivurugia hoja yangu ya fundi na kitambaa. Upigaji ulianza skripti haijakamilika, kurasa zikaandikwa huku kamera zinazunguka, na bado ilibeba Oscar tano mwaka 2001, ikiwamo ya filamu bora. Yeye mwenyewe aliikosa ile ya mwongozaji, kama alivyoikosa kwa Thelma & Louise na baadaye Black Hawk Down.

Halafu kuna kasi yake, mzee huyu. Mwishoni mwa 2017 alimwondoa mwigizaji Kevin Spacey kwenye filamu iliyokwisha kamilika, All the Money in the World, akamweka Christopher Plummer, akarudia vipande vyake kwa siku 9, na filamu ikatoka Desemba hiyohiyo. Mwaka 2021 alitoa mbili: House of Gucci, ambayo lafudhi zake zilinichosha nikaizima mara mbili, na The Last Duel, inayosimulia kwa midomo ya watu watatu kisa kimoja cha mwanamke aliyebakwa. Hiyo ya pili ilidoda vibaya, akalaumu vijana na simu zao. Kwangu iko kwenye tano zake bora, na sijui wangapi wanajua kwamba ipo.

Mwaka 2024 ikaja Gladiator II, na papa wanaogelea ndani ya Colosseum, ule uwanja wa mapigano wa Roma ya kale. Papa! Nililipa tiketi, nikacheka peke yangu gizani. Akitoa nyingine nitalipa tena, ila safari hii nitauliza kwanza nani ameandika.