Mjozi na Viazi Havikai Pamoja

Wiki jana shangazi yangu wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, alinipigia simu. Amepata miche mitatu ya mjozi mweusi, ule mti wa walinati, na anataka kuipanda kwenye kingo za matuta yake ya viazi. Nilimwomba, "Shangazi, tafadhali usiipande hapo."

Mizizi, majani na maganda ya nje ya mjozi mweusi yana kemikali iitwayo jugloni. Ni ileile inayoacha vidole na rangi ya kahawia siku kadhaa ukimenya tunda bichi. Viazi, nyanya, biringanya na pilipili haviivumilii: hunyauka hata udongo ukiwa na unyevu. Tena mizizi huenda mbali kuliko kivuli, na ukiukata mti, sumu hubaki ardhini maadamu mizizi inaoza. Majani yake nisingeyatia kwenye mboji ya bustani ya nyanya.

Linalonitia hofu hasa ni mnyauko bakteria, ugonjwa unaonyausha viazi vilevile, ambao wakulima wa Kigezi, eneo la kina shangazi, wanaujua vizuri mno. Mmea ukilegea karibu na mjozi, watalaumu ugonjwa, wang'oe shamba zima na kununua mbegu upya. Ili kujua ni kipi, kata kipande cha shina la mmea ulionyauka karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, usikitikise. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato, hao ni bakteria. Maji yakibaki maangavu, inua macho uangalie mti ulio jirani.

Kuna na la mavuno. Mijozi huhitaji miezi ya baridi kali ili ichipue na kuzaa ipasavyo, nasi hapa karibu na ikweta hatuna majira hayo, hata kwenye milima yetu. Anayekuuzia mche akikuahidi magunia ya jozi, muulize ameyavuna wapi. Muulize pia ni mti gani, maana mbao zinazoitwa walinati ya Afrika hutoka kwenye Lovoa, ndugu wa mkangazi, si mjozi kabisa.

Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa niitupe, mwanangu?" Hapana. Mahindi, maharagwe na vitunguu huuvumilia mjozi. Tumekubaliana aipande chini kabisa ya mteremko, kando ya mahindi, ili mvua isiyabebe majani yake hadi kwenye viazi. Kwenye kingo za matuta ataacha majani ya ng'ombe yaleyale aliyopanda marehemu bibi.