Katuni, mashine, na kile kilichoko kati ya picha mbili

Kuna zoezi moja ambalo karibu kila anayejifunza kutengeneza katuni anaanza nalo, kuchora mpira unaodunda. Ni jepesi mpaka ukae ulifanye. Unachora duara juu, unachora lingine chini, afu unajaza za katikati, unazipitisha haraka haraka unakuta mpira wako unashuka kama lifti, hauna uzito kabisa. Kosa ni kwamba umezipanga kwa nafasi sawasawa. Mpira wa kweli ukiwa juu unasitasita, kwa hiyo michoro ya juu inabanana mpaka inalaliana, kadri unavyoshuka nafasi zinapanuka, ukigusa chini unabonyea kwa mchoro mmoja tu, ukiuongeza wa pili unakuwa kama donge la tope. Na ukitaka uwe wa jiwe, duara ni lile lile, unachobadilisha ni nafasi na muda. Siku nilipoupata ule mdundo kwenye kona ya daftari, baada ya kurudia sijui mara ngapi, nilikaa napitisha zile kurasa tena na tena, siamini kwamba nimeipa penseli uzito.

Nimeanza na huu mpira kwa sababu ubishi wa sasa hivi, kwamba AI, mashine inayotengeneza video yenyewe, imeua sanaa ya katuni au kwamba mashine ni kalamu mpya tu na wanaolalamika wanaogopa mabadiliko, kwa asilimia kubwa ni ubishi wa picha. Picha kali, picha mbovu, nani kaichora. Wakati uhai wa katuni haupo hasa kwenye picha. Norman McLaren, yule fundi wa Kanada aliyekuwa anachora moja kwa moja juu ya mkanda wa filamu, alishasema zamani kwamba kinachotokea kati ya fremu na fremu, yaani picha moja na inayofuata kwenye mkanda, ni kikubwa kuliko kilichomo ndani ya fremu. Ukilishika hilo, huu ubishi unabadilika sura.

Tuanze na wanaosema zamani ilikuwa mkono mtupu na ndo maana ilikuwa sanaa. Hapana, hii fani imetafuta njia za mkato tangu iko changa. Sinema inaenda fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya saa moja na nusu ni fremu 129,600, hata ukikaa na kila mchoro kwa fremu mbili bado ni michoro 64,800, na hapo ni kama kuna mhusika mmoja tu. Mfaransa Émile Cohl mwaka 1908 alichora kama 700 kupata filamu isiyofika dakika mbili. Winsor McCay, mchoraji wa Marekani, kwenye katuni ya dinosaria wake Gertie, 1914, alikuwa na msaidizi ambaye kazi yake ni kurudia kuchora yale yale mawe na ule ule upeo wa macho kwenye kila karatasi, maelfu ya karatasi, na mwaka huo huo Earl Hurd akaomba hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya kuchora mhusika kwenye karatasi angavu, inayoonyesha kilicho chini yake, ili mandhari ikae chini ichorwe mara moja. Kuna mtu leo anamlilia yule msaidizi aliyenyang'anywa mawe yake? Sidhani.

Ila kuna waliostahili kuliliwa. Disney walipofika 1961 na ile filamu ya mbwa 101, walikuwa wameanza kutumia mashine ya fotokopi kuhamisha mstari wa penseli wa mchoraji moja kwa moja. Kabla ya hapo kulikuwa na idara nzima, wengi wao wanawake, wanaopitisha wino kwa mkono juu ya kila mstari, kwa utulivu ambao mimi hata nifundishwe miaka mitano siufiki. Wengi walipoteza kazi, na haikuwa kazi ndogo, ulikuwa ufundi. Wakati huo huo wachoraji wenyewe walifurahi, manake kwa mara ya kwanza mstari wao wenyewe, na makwaruzo yake, ulionekana kwenye skrini bila kusafishwa na mtu. Hasara ya kweli na faida ya kweli, siku moja, jengo moja.

Japani ndo mfano unaonisumbua zaidi. Mwaka 1963 mchoraji Osamu Tezuka anaanza kutoa katuni yake ya Astro Boy kwenye televisheni, kila wiki kipindi kipya, kwa pesa isiyofikia gharama. Ili iwezekane akapunguza kila kitu, mdomo tu unacheza na mwili umetulia, picha moja inakaa sekunde kadhaa huku kamera inateleza juu yake, mwendo wa kukimbia unawekwa akiba unatumika tena wiki ijayo. Waliozoea miondoko laini waliona kama uvivu. Lakini kwenye ule ufinyu ikakua lugha nzima, ule uso ulioganda kabla ya pigo, ule ukimya mrefu ambao hakuna mtu anayetikisika na wewe mtazamaji ndo moyo unakwenda mbio. Leo dunia nzima inaiga. Na kwa upande wa pili, ile bei ya chini iliacha mazoea ya bajeti finyu kwenye televisheni, na wachoraji wa ngazi ya chini kule bado wengi wanalipwa kwa mchoro, malipo ya kusikitisha. Anayesema teknolojia na njia za mkato huleta ubunifu ana haki, anayesema gharama yake huwa inabebwa na walioko chini naye ana haki, na hizi haki mbili hazifutani.

Kompyuta ilipokuja maneno yalikuwa haya haya. Phil Tippett alikuwa bingwa wa kusogeza vinyago fremu kwa fremu, alikuwa anaandaa dinosaria wa Jurassic Park, akaonyeshwa jaribio la kompyuta akasema mwenyewe kwamba basi yeye ametoweka kama hao dinosaria. Hawakumwacha aende. Wale vijana wa kompyuta walikuwa na programu ila hawakujua mnyama mzito anahamishaje uzito kutoka mguu huu kwenda ule, kwa hiyo wakatengeneza kiunzi cha dinosaria chenye vihisio kwenye viungo, mafundi wa vinyago wanakikunja kwa mikono kama walivyozoea na kompyuta inasoma. Filamu ikatoka 1993. Nikisikia mtu anasema kompyuta ilichukua nafasi ya mkono huwa namkumbuka huyu.

Na kitu ambacho walio nje ya fani hawakijui, kompyuta imekuwa ikijaza picha za katikati kwa miongo sasa. Unaipa pozi la kwanza na la mwisho, inajaza. Ukiiacha ijaze inavyotaka yenyewe inakupa nini? Inakupa mpira wa lifti. Mtu anaelea, hana uzito, kila kiungo kinaanza na kumaliza kwa pamoja. Sehemu kubwa ya siku ya mtengeneza katuni wa 3D ni kuirekebisha hiyo, fremu hii ichelewe, bega lifuate kichwa.

Sasa ndo naingia kwenye AI, akili mnemba, inayotengeneza video kutoka kwenye maneno. Wanaoitetea wanasema hata fotokopi ilipigiwa kelele. Mimi naona hazifanani. Fotokopi haikuamua chochote, ilibeba mstari ambao mtu ameshauamua. Hii inaamua mwendo wenyewe, wewe unabaki kuchagua kati ya vilivyoletwa. Hoja yao nzito kuliko zote, na lazima niikubali, ni kwamba hata mwongozaji wa filamu mara nyingi hachori, anachagua tu, na hatusemi si msanii. Kweli. Ila mwongozaji anachagua kazi ya mtu anayeweza kuulizwa. Muulize mchoraji kwanini huyu mama kageuza kichwa kwanza na mabega yakafuata nyuma fremu nne, atakujibu kwamba alishasikia jina la mwanae ila mwili bado haujaamini. Hilo jibu ndo kazi yenyewe.

Halafu kuna wanafunzi. Picha za katikati ndo lilikuwa darasa, mtu anachora za bwana mkubwa miaka kadhaa mpaka nafasi zinamuingia mkononi. Ukilifunga hilo darasa, mabingwa wa kesho wanatoka wapi? Sijasikia anayeitetea AI akilijibu hili vizuri.

Lakini nikisema hayo namfikiria pia mtu aliye mbali na studio zote, ana hadithi na hana hela. Flow, ile katuni ya paka na mafuriko isiyo na neno hata moja, imeongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia, imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure kabisa, na mwaka 2025 ikachukua Oscar mbele ya studio zenye pesa. Huo ni mlango uliofunguliwa na teknolojia na mimi naushangilia kwa moyo wote. Tofauti ni kwamba Blender inakusubiri wewe useme paka arukeje. Hata kujifunza kwa mashine kunaweza kutumika hivyo, kwenye Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018 mashine ilisaidia kukisia mistari ya wino ikae wapi usoni, imejifunza kutoka kwa wachoraji wa filamu hiyo hiyo, na wachoraji wanaisahihisha. Sina tatizo na hilo hata kidogo.

Tatizo langu kubwa ni la utamaduni, na nadhani halijadiliwi vya kutosha. Mashine inayojifunza kwa kumeza vilivyojaa mtandaoni itakupa mwendo wa waliojaa mtandaoni. Kila mtu atakasirika kwa kuinua nyusi ile ile moja. Kirikou, filamu ya katuni ya 1998 kuhusu kijiji cha Afrika Magharibi, ni ya Mfaransa, Michel Ocelot, ila utoto wake aliupitia Guinea, sauti zilirekodiwa Dakar, muziki ni wa Youssou N'Dour, na kulipokuwa na wasiwasi wa vifua vya wanawake kuwa wazi alikataa kuwafunika. Unaweza kubishana kama hadithi ile ilikuwa yake kuisimulia, na ubishi huo una maana kwa sababu kuna mtu aliyeamua. Utabishana na nani wakati hakuna aliyeamua?

Mwaka 2016 Hayao Miyazaki, mwongozaji mkongwe wa katuni wa Japani, alionyeshwa kiumbe kilichofundishwa na mashine kujikokota, kinatumia kichwa kama mguu, vijana wanamwambia kinafaa kwa filamu ya kutisha. Watu wengi wanakumbuka alivyosema ni tusi kwa uhai. Mimi ninachokikumbuka ni alichokisema kabla ya hapo. Alisema ana rafiki mwenye ulemavu ambaye hata kugonganisha kiganja na mwenzie ni kazi ngumu, mkono ule umekakamaa unajitahidi kukifikia cha kwake, na kwa kumfikiria yeye hawezi kukiangalia kile kitu akakifurahia.