Noti ya rupia 500 kwenye banda la chai

Asubuhi moja mjini Chennai, nje ya hospitali alikolazwa mama yangu, nilisimama kwenye banda la chai pembeni ya mzee wa Kihindi aliyetoka New Jersey kuja kumuuguza dada yake. Chai ni rupia 15. Mzee akatoa noti ya 500. Muuza chai akatikisa kichwa. "Anko, sina chenji," akasema, akamwonyesha karatasi ya kuskani iliyobandikwa kwenye ndoo ya maziwa, mfano wa Lipa Namba yetu. Kando yake palikuwa na kispika kidogo, na kila mteja akilipa, kinatangaza kwa sauti kiasi kilichoingia. Mzee hakuwa na laini ya India. Akairudisha noti mfukoni, akanigeukia: "Miaka 40 tangu niondoke, na nchi hii bado haina chenji."

Kijana mmoja mwenye kitambulisho cha kazi shingoni alimsikia. Akatulipia chai zote tatu kwa simu, kisha akamjibu kwa adabu, ila uchungu ulisikika: "Anko, chenji tumeacha kuihitaji. Ninyi mnakuja na India yenu ya zamani kwenye begi."

Maneno ya kijana yule huyasikia mara nyingi ukikaa na Wahindi waliobaki kwao. Hoja yao ni nzito. Mfumo wa malipo ya simu unaoitwa UPI ulianza mwaka 2016, na Agosti 2023 ulivuka miamala bilioni 10 ndani ya mwezi mmoja. Mwezi huohuo chombo chao cha Chandrayaan-3 kilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi. Mtu anayeishi ndani ya mabadiliko hayo, akitembelewa na shangazi aliyebeba sabuni na chokoleti kana kwamba madukani hakuna kitu, anayewaonya watoto wake wasiguse maji wala matunda, lazima aumie.

Na picha ya zamani wanayokuja nayo waliohama si ya aina moja. Kuna ya uchafu na foleni, na kuna nyingine ya utakatifu: India ya binti mtiifu, ya ndoa inayopangwa na wazee bila swali. Hii ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inatumika kulelea watoto. Wapo mabinti waliozaliwa Uingereza au Kanada wanaobanwa kwa masharti ambayo binamu zao wa Ahmedabad wamekwisha kuyajadili upya na wazazi wao. Binti wa hivyo anatii sheria za nyumba ambayo wenyewe wameshaibomoa na kujenga nyingine. Hapo sina utetezi kwa waliohama.

Lakini nilivyozidi kuzungumza na mzee yule siku zilizofuata, ndivyo neno "mmepitwa na wakati" lilivyozidi kunikaa vibaya. Yeye aliondoka mwaka 1983. Baba yake alikuwa ameomba simu ya nyumbani, akasubiri miaka, na iliunganishwa mtoto akiwa ameshaanza kazi Marekani. Halikuwa jambo la ajabu. Hata mwaka 1991, serikali ilipoanza kulegeza vibali na kufungua uchumi, Manmohan Singh akiwa waziri wa fedha, nchi ile ilikuwa na laini za simu zipatazo milioni 5 kwa watu zaidi ya milioni 840. Mtu aliyeondoka kwa sababu ya uhaba ule hawezi kuusahau kwa kutazama video za treni mpya. Ndio uliomfanya aache wazazi. Akiambiwa kwamba umekwisha, na kwamba umekwisha yeye akiwa hayupo, inabidi ajiulize kama safari yenyewe ilikuwa na haja, na hilo ni swali zito kwa mtu wa miaka 70.

Kuna jambo jingine ambalo wanaomcheka hawalioni. India mpya imejengwa juu ya namba ya simu, akaunti ya benki na kitambulisho cha Aadhaar. Mwenye vitatu hivyo hufunguliwa kila mlango kwa sekunde chache. Mzee wangu hana hata kimoja. India hairuhusu uraia pacha, hivyo alipochukua uraia wa Marekani alirudisha pasipoti yake. Badala yake ana kadi ya wenye asili ya India, inayomruhusu kuingia bila viza maisha yake yote lakini haimpi kura. Kupata Aadhaar, mtu wa kadi hiyo lazima awe ameishi nchini siku 182 katika miezi 12. Mwaka 2023 wenye akaunti za benki za wasio wakazi walianza kuruhusiwa kutumia UPI kwa namba za nchi 10, zikiwemo Marekani, Uingereza na Omani. Ni hatua nzuri, ila akaunti yenyewe lazima uwe nayo kwanza. Kwa hiyo pale kwenye banda mimi wa Dar es Salaam na yeye mzaliwa wa Chennai yenyewe tulikuwa sawasawa. Tofauti ni kwamba mimi nilijua ni mgeni.

Mlinganishe na fundi kutoka Kerala, jimbo la kusini mwa India, anayefanya kazi Muscat au Dubai. Yeye pia yuko ughaibuni, lakini uraia wa kule hautarajii. Familia, akaunti na nyumba anayoijenga viko Kerala, na likizo ikifika anarudi. Huyo ataskani kama kawaida, na bei ya saruji anaijua. Ndiyo maana naamini uchakavu wa picha ya nyumbani hautokani na kiburi wala umbali peke yake. Unategemea sana pasipoti iliyo mfukoni. Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 wakaishia Leicester, Uingereza, wana picha mbili za namna hiyo, Gujarat ya babu zao na Kampala ya mwaka ule, na mpaka leo muhogo kwao ni "mogo".

Na si kila asemacho mhamiaji kimepitwa. Takwimu moja siwezi kuiacha. Utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019–21 ulikuta asilimia 35.5 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Utafiti kama huo wa 2015–16 ulikuwa umekuta asilimia 38.4. Yaani takribani miaka minne, pointi zisizofika tatu. Pima hilo na miamala iliyotoka sifuri hadi bilioni 10 kwa mwezi katika miaka saba. Ni nchi ileile, serikali ileile, na muuza chai mwenye kispika huenda ana mtoto kati ya hao waliodumaa. Serikali yenyewe inagawa nafaka ya bure kwa watu wapatao milioni 800, na huwezi kufanya hivyo kama njaa ni hadithi ya mwaka 1983. Lakini mzee wa New Jersey akiitaja njaa mezani, anajibiwa kwa Chandrayaan. Nimeliona hilo kwa macho yangu, kwenye chakula cha jioni kwa ndugu zake, na aliyemjibu alikuwa daktari. Mzee alinyamaza, akaomba apewe maji.

Kuhusu chenji, alikuwa amekosea. Kuhusu njaa, alikuwa sahihi, na kosa la kwanza lilitumika kufuta usahihi wa pili.

Mpwa wake alimnunulia laini, ila bila akaunti ya benki haikumsaidia kulipa. Mwishowe muuza chai ndiye aliyepata njia. Aliipokea ile noti ya 500, akatoa daftari chini ya meza, akaandika jina la mzee kwa penseli, na kila kikombe akakikata humo kwa mstari. Siku niliyomtoa mama hospitalini nilipita kuwaaga. Mzee alikuwa amekunywa 24, amebakiwa na tisa, na akaniambia nichukue kimoja cha kwake.