Kimbunga kiko baharini, hewa ni ya kwetu

Kuna mtu kaandika kwenye grupu la mtaa wetu hapa Dodoma, "kimbunga kipo Msumbiji huko, sisi kinatuhusu nini?" na watu wakamgongea dole gumba kibao. Imeniuma. Kinatuhusu jamani! Kimbunga kikikaa kule kati ya Msumbiji na Madagaska mara nyingi kinajivutia unyevu wote, mnakumbuka Idai ya Machi 2019, masika ya Afrika Mashariki yakachelewa. Sawa, vingine hutuletea upepo wa Kongo na mvua, nakubali, ila sio vyote.

Sasa likibaki jua kali na mbingu nyeupe, ndio ozoni ya chini, ile gesi ya karibu na ardhi inayoumiza kifua, inapikwa. Hii haitoki kwenye ekzosi moja kwa moja, jua linachukua moshi wa magari na mvuke wa petroli linaugeuza, ndio maana mchana inakuwa mbaya kuliko asubuhi. Hong Kong wanaijua vizuri: kimbunga kikiwa bado mamia ya kilomita baharini, hewa ya pembeni yake inashuka kutoka juu, mawingu yanapotea, upepo unalala, joto linapanda na ozoni nayo inapanda, mpaka kimbunga chenyewe kifike na mawingu na mvua ndio inashuka. Yaani watu wanaumia kifua kabla hata tone halijadondoka.

Dodoma sio Hong Kong, najua, na upepo wetu unatusaidia sana. Lakini tangu serikali ihamie huku magari yameongezeka kila mwaka, pita Sabasaba saa nane mchana uone bodaboda zinavyonguruma zimesimama, taka zinachomwa nyuma ya nyumba, na barakoa ya kitambaa haizuii gesi.

Na zabibu! California waliona tangu miaka ya 1950 majani ya mizabibu yanapata vidoa vidogo vya kahawia juu ya jani, ni ozoni. Wakulima wetu wa Hombolo wakiona vidoa watanunua dawa ya ukungu tu.

Ninachotaka ni kipimo. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema ozoni isizidi maikrogramu 100 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 8. Tuwekewe mashine hapa mjini, na tahadhari ya kimbunga ikisomwa, baada ya upepo na mawimbi isomwe na namba ya hewa, mama mwenye mtoto wa pumu ajue mchana huo amweke ndani.